Digrii moja ya sukari

Juzi nilikuwa nikiunganisha hifadhidata mbili za mteja mmoja. Zote zilikuwa na safu iitwayo "uzito". Nilipoteza siku mbili kabla ya kugundua kwamba moja ni kilo na nyingine ni ratili. Nikawakumbuka wakemia wa sukari, ambao balaa hii iliwapata kitambo.

Zamani forodha ya Marekani ilipima sukari kwa macho, ikilinganisha rangi yake na sampuli za Kiholanzi. Wajanja wakaitia rangi sukari safi ili walipe ushuru mdogo. Mwaka 1883 sheria ikaleta polarimeta. Mfaransa Jean-Baptiste Biot alikuwa amegundua mwaka 1815 kwamba maji ya sukari huzungusha mwanga wa aina fulani. Sukari ikizidi, mwanga huzunguka zaidi. Sukari tupu husoma 100.

Basi ubishi ukaisha? Wapi! Wajerumani walipima gramu 26.048 katika chupa ya sentimita za ujazo 100 za Mohr. Lakini sentimita ya Mohr ilizidi ile ya metriki kwa takriban asilimia 0.23. Tumia uzito huo na chupa ya metriki, na sukari tupu itasoma 100.23. Wafaransa nao walikuwa na uzito wao, gramu 16 na kitu.

Kitu kidogo? Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1897 ilitoza senti 0.035 zaidi kwa kila ratili, kwa kila digrii iliyopita 75, hata vipande vya digrii. Kwa ratili milioni mbili, kosa la digrii 0.2 ni dola 140.

Mwaka huohuo wakemia walikutana Hamburg na kuanzisha tume ambayo leo huitwa ICUMSA. Paris, mwaka 1900, wakakubaliana: gramu 26, mililita 100 za metriki, joto la 20 Selsiasi.

Kilichonifurahisha zaidi ni cha tarehe 1 Julai 1988. Skeli ilirekebishwa, 100 ya zamani ikawa 99.971. Tofauti ndogo mno, lakini walibadilisha na alama pia, kutoka °S hadi °Z, ili namba za zamani na mpya zisichanganywe.

Sisi watengeneza programu hubadilisha maana ya safu na kuliacha jina lilelile. Yangu sasa inaitwa "uzito_kilo". Yako je?