Nani Aliwala Ng'ombe? Hadithi za Kutisha na Njaa ya Mtunya

Jina la mji wetu wa Dodoma limetoka katika neno la Kigogo, idodomya, maana yake, imezama. Wazee husimulia habari mbili juu ya jina hilo. Ya kwanza yasema kwamba tembo alikuja kunywa maji kijitoni, akakwama matopeni, akazama asionekane tena. Ya pili yasema kwamba Wagogo fulani waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja, wakawala, kisha wakaichomeka mikia katika matope. Wenye mali walipofika, wakaonyeshwa mikia ile, wakaambiwa, "Tazameni, ng'ombe wenu wamezama!"

Habari hiyo ya pili huwachekesha watoto, lakini ndani yake limo fundisho. Aonaye mkia tu huamini kwamba ardhi imemeza ng'ombe. Aung'oaye mkia huuliza, Nani aliwala? Na mimi napenda tuzitazame vivyo hivyo hadithi za kutisha zisimuliwazo jioni karibu na moto: mizuka ikaayo penye mibuyu, na wachawi wapandao fisi usiku wa manane. Hadithi hizo ni mikia iliyochomekwa. Basi, chini yake kuna nini?

Tuikumbuke njaa ya Mtunya. Neno hilo lina maana ya kugombania, na ndilo jina walilolipa wazee njaa kuu ya Ugogo, tangu mwaka 1917 hata 1920. Nchi yetu ni kavu. Mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi haitoshi. Wazee walilijua jambo hilo, wakaweka akiba ya namna mbili: nafaka ghalani na ng'ombe zizini. Uwele na mtama ulipokosekana, mtu alimswaga ng'ombe wake mpaka kwa majirani waliopata mavuno, akarudi na chakula. Kwa njia hiyo jamaa nyingi zilivuka miaka mibaya.

Ndipo vikaja vita vya mwaka 1914. Reli ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910, na kwa ajili ya reli mji ukawa njia ya majeshi. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka ili wawalishe askari wao, wakachukua na vijana wawe wapagazi. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Waingereza yakauteka mji. Nao pia wakataka ng'ombe, unga na wapagazi. Hata mvua zilipokosekana, zizi lilikuwa tupu, ghala lilikuwa tupu, na mikono iliyozoea kushika jembe ilikuwa mbali, imebeba mizigo ya vita. Kisha, baada ya miezi mingi ya taabu hiyo, ikaingia homa ya mafua ya mwaka 1918 iliyokuwa ikizunguka dunia yote, ikawakuta watu wamekwisha dhoofika.

Maofisa wa Kiingereza walikadiria kwamba katika wilaya ya Dodoma, yenye watu wapata 150,000, walikufa watu 30,000. Hesabu hiyo ni sawa na mtu mmoja katika kila watano. Fikiri juu ya tembe moja yenye baba, mama na watoto watatu, mtoe mmoja. Ingia tembe ya pili, ukamtoe mwingine. Na wale walioanguka njiani wakitafuta chakula, pasipo ndugu wa kuwazika, nani aliwafikia kwanza kama si fisi? Hadithi ya mchawi na fisi wake ni ya kale kuliko Mtunya. Lakini msimulizi aliyepita katika miaka ile, alipomtaja fisi, hakuwa na haja ya kubuni hofu.

Wala si sisi peke yetu. Katika nchi ya Ireland njaa ilianza mwaka 1845, viazi vilipooza mashambani, na watu wapata milioni moja wakafa. Baadaye wanavijiji wa huko walisimulia juu ya majani ya njaa: kwamba mtu akikanyaga majani yaliyoota mahali alipofia mwenye njaa, hushikwa mara moja na njaa kali, na asipopata chakula huanguka. Husikii katika hadithi hiyo jina la mfalme wala bei ya nafaka. Lakini wasiozikwa wamekumbukwa.

Basi, hadithi ya kutisha hutunza kumbukumbu. Ila ina hatari yake, na hapo ndipo napenda msomaji anisikilize. Historia hutaja vita, wapagazi na mvua. Hadithi humtafuta mchawi. Na mchawi akitafutwa, mara nyingi huonekana katika bibi kizee asiye na mtetezi. Katika nchi yetu ya Tanzania, hasa mikoa iliyo karibu na ziwa Victoria, vizee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na wengine kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko, katika miaka mingi ya kuwapikia wengine. Huko ndiko kufuata mkia na kuwasahau walioila nyama.

Wengine watasema, Waacheni wafu wapumzike, mambo ya njaa si ya kuwasimulia watoto. Nami nauliza, je, watoto hawasimuliwi mizuka? Hofu wamekwisha pewa. Wamenyimwa sababu yake. Marehemu Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa, karibu na Dodoma, mwaka huo wa 1917. Akakua, akawa mshairi na mwandishi, na mwaka 1954 kikatoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Aliwauliza wazee, akaandika.

Walioiona Mtunya kwa macho wamekwisha lala. Lakini wako waliosikia kwa bibi zao. Ukisimuliwa jioni juu ya mahali panapotisha, usicheke wala usikimbie. Uliza, Ni nani alifia hapo? Alikuwa wa ukoo gani? Ilikuwa mwaka gani, na kilichukuliwa nini kabla ya hapo? Kisha yaandike majibu pamoja na jina la kijiji, uwasomee watoto kwa mwanga wa taa.