Wilaya, Sensa na Lugha: Historia ya Utawala wa Kasese na Suala la Bwera

Ikisiri

Wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, ilitokana na dai la Wakonzo la kujitawala nje ya ufalme wa Tooro. Makala haya yanaonesha kwamba dai hilo lilikuwa tangu mwanzo pia dai la lugha: mtu ahukumiwe, afundishwe na aandikishwe kwa lugha ipi. Aidha yanaonesha kwamba mpaka uliochorwa ili kuwaondolea wengi unyonge uliwaacha wachache wapya ndani yake. Hoja hiyo inapimwa kwa kuzingatia pendekezo la kuunda wilaya ya Bwera na sera ya sasa ya Kiswahili.

Mto mmoja, tahajia mbili

Mto unaotenganisha Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo karibu na Bwera huandikwa Lhubiriha upande wa mashariki na Lubiriha upande wa magharibi. Tahajia ya Kikonzo inayotumika Uganda huweka lh mahali ambapo maandishi ya Kongo, na ya serikali ya kikoloni kabla yake, huweka l peke yake. Watu wa pande zote mbili husikilizana bila mkalimani. Huku wanaitwa Wakonzo, kule wanaitwa Wanande, na wengi wao hujitambua kwa jina la pamoja la Wayira. Mpaka wenyewe ulikubaliwa Brussels mwaka 1910 kati ya Waingereza na Wabelgiji. Walichora mstari kupitia kilele cha Margherita, wakaushusha kwa mito hadi Ziwa Edward, na wenyeji wa milimani hawakuwamo katika chumba cha mazungumzo.

Athari ya mstari huo huonekana wazi zaidi katika majina ya watu kuliko katika ramani. Wakonzo humpa mtoto jina kufuatana na nafasi yake katika uzazi wa mama. Wavulana huitwa Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo. Ng'ambo ya mto majina hayohayo ni Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo. Kwa wasichana, Biira wa Bwera ni Kavira wa Butembo, na Mbambu ni Kahambu, ilhali Masika hubaki Masika kotekote. Mwanaisimu ataona hapa tofauti ndogo ya viambishi na sauti. Ofisa wa uandikishaji anayetakiwa kumtenga raia na mgeni ataona jambo jingine, kwa kuwa hana alama nyingine ya haraka, na kiambishi ka- chaweza kugeuka ushahidi wa uraia. Hatari ya jambo hilo haihitaji maelezo marefu kwa yeyote aliyewahi kufuatilia masuala ya vitambulisho katika maeneo ya mipakani.

Chini ya Tooro

Kabla ya ukoloni Wakonzo hawakuwa na mfalme mmoja. Kila safu ya mlima ilikuwa na wazee wake, na mamlaka yalishikwa kwa ukoo na kwa ardhi. Bondeni, Wasongora walichunga ng'ombe, na huko Katwe chumvi ya ziwa ilivuta wafanyabiashara kutoka mbali. Chumvi hiyo ni sababu mojawapo iliyomfanya Lugard, alipopita mwaka 1891 na kumrudisha Kasagama katika kiti cha Tooro, ajenge ngome Katwe. Katika utaratibu uliojengwa juu ya Mkataba wa Tooro wa 1900, nchi ya Wakonzo na ya Waamba iliishia kuwa masaza ya Busongora na Bwamba, na machifu waliotumwa kuyatawala wengi wao walikuwa Watooro.

Upinzani haukuchelewa. Kati ya 1919 na 1921 Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya waliongoza uasi uliotikisa utawala wa milimani, kisha wakakamatwa na kunyongwa mwaka 1921. Vuguvugu la Rwenzururu liliwahesabu baadaye kuwa watangulizi wake, na ni sahihi kufanya hivyo, ingawa malengo ya vipindi hivyo viwili hayakuwa yaleyale: kwa Nyamutswa jambo lilikuwa kodi, kazi za kulazimishwa na ukali wa machifu, kwa kizazi kilichofuata lilikuwa pia shule.

Shule ndiyo iliyoleta lugha katikati ya ugomvi. Kitooro kilikuwa lugha ya baraza, ya kanisa na ya darasa la kwanza. Mtoto wa Kikonzo alianza masomo kwa lugha asiyoisema nyumbani, na kijana aliyetaka nafasi ya masomo au kazi ya ukarani mara nyingi aliona ni busara kuchukua jina la Kitooro na kujiandikisha kama Mtooro. Kwa sababu hiyo takwimu za makabila za wakati huo zisomwe kwa tahadhari kubwa. Zilihesabu pia kile ambacho watu walilazimika kuwa ili wapite mlangoni.

Sentensi moja ya katiba

Katika miaka ya 1950 mwalimu Isaya Mukirane aliongoza chama kilichokusudia kukusanya historia ya Wakonzo, na mwaka 1954 alizunguka milimani pamoja na mwandishi wa habari Mwingereza, Tom Stacey. Wasomi hupenda kufikiri kwamba kukusanya simulizi na msamiati ni kazi tulivu. Huko Rwenzori haikuwa hivyo: chama cha utafiti kiligeuka kuwa chombo cha siasa bila kubadilisha wanachama wake. Hilo si la kushangaza, kwa maana kuthibitisha kwamba watu fulani wana historia na lugha yao kulikuwa tayari ni kukana madai ya Tooro.

Uhuru ulipokaribia, Tooro ilitakiwa kuandika katiba yake ndani ya Uganda mpya. Wawakilishi wa Wakonzo na Waamba katika baraza la Rukurato waliomba jambo ambalo, kwenye karatasi, ni dogo mno: katiba itaje kwamba Tooro ina watu wa aina tatu, Watooro, Wakonzo na Waamba, na kwamba wote ni sawa. Upande wa Omukama ulikataa. Mwaka 1962 wawakilishi hao, wakiongozwa na Mukirane, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya, walitoka barazani, na dai likageuka: sasa walitaka wilaya yao wenyewe. Tume ya Dkt. Sembeguya ilisikiliza malalamiko, ikakiri kwamba mengi yalikuwa na msingi, lakini haikupendekeza wilaya mpya. Wakati huo Mukirane alikuwa amekwisha kimbilia mlimani.

Watunga sera wanapaswa kutua katika hatua hii. Ugomvi ambao ungeweza kutulizwa kwa sentensi moja ya kutambua lugha na watu uliendelea kwa miaka 20 hivi na kugharimu maisha ya watu wengi. Serikali ya Rwenzururu iliyoanzishwa milimani ilitoza kodi, iliendesha mahakama na kufungua shule. Yaani ilifanya kwa mikono yake yale ambayo baraza la Fort Portal lilikataa kuyafanya kwa haki. Mukirane alifariki mwaka 1966, na mwanawe Charles Mumbere, kijana mdogo wakati huo, akarithi uongozi. Alishuka mlimani Agosti 1982 baada ya mapatano na serikali ya Obote.

Kutoka Rwenzori hadi Kasese

Hata hivyo wilaya ilikuwa imepatikana kabla ya hapo, na kutoka kwa mtu ambaye wengi hawamhusishi na haki za wachache. Mwaka 1974 Idi Amin aliigawa Tooro, akaunda wilaya za Rwenzori na Semliki. Mwaka 1980 zikaitwa Kasese na Bundibugyo. Mwaka mmoja kabla, yaani 1973, Amin huyohuyo alikuwa ametangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Matukio haya mawili husimuliwa katika vitabu tofauti, jambo la kusikitisha, kwa sababu kwa mtu wa Bwera yalikuja pamoja: alipata wilaya ambamo Kitooro hakikuwa tena lugha ya mkubwa, na papo hapo akaongezewa lugha nyingine ya mkubwa, iliyosikika zaidi kutoka kinywani mwa askari.

Badiliko la jina kutoka Rwenzori hadi Kasese lina uzito wake. Rwenzori ni mlima, na mlima ni wa Wakonzo. Kasese ni mji wa reli. Reli ilifika huko mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mgodi ulipoanza uzalishaji mwaka huohuo ulivuta wafanyakazi kutoka sehemu nyingi za Uganda na nje yake. Skimu ya umwagiliaji ya Mubuku na kiwanda cha saruji cha Hima viliongeza wengine. Kwa hiyo makao makuu ya wilaya iliyoombwa kwa jina la watu wa mlimani yaliwekwa katika mji wa bondeni wenye Wakiga, Wanyankole, Watooro na wengineo. Uzalishaji wa shaba ulisimama mapema miaka ya 1980, watu hawakuondoka.

Sensa ya 1991 ilikuta wakazi takriban 343,000 wilayani, ile ya 2002 takriban 523,000, na ya 2014 karibu 695,000: ongezeko la zaidi ya mara mbili katika miaka 23. Takwimu hizo zinaficha jambo moja. Zaidi ya nusu ya eneo la wilaya ni hifadhi, hasa Hifadhi ya Queen Elizabeth bondeni na Hifadhi ya Milima ya Rwenzori iliyotangazwa mwaka 1991. Wakulima wamebanwa miteremkoni, wafugaji wamebanwa kingoni mwa hifadhi. Mwaka 2006 Wasongora waliofukuzwa Virunga upande wa Kongo waliporudi na mifugo yao, swali la ardhi likawa papo hapo swali la nani ni mwenyeji. Wasongora na Wanyabindi, walio wachache katika wilaya iliyoundwa kuwatoa Wakonzo katika uchache, walianza kutumia maneno yaleyale yaliyotumiwa na Wakonzo barazani mwaka 1962.

Oktoba 2009 serikali iliutambua Obusinga bwa Rwenzururu kuwa taasisi ya kimila, na Mumbere akawa Omusinga wake. Kwa Wakonzo ulikuwa mwisho wa safari ndefu. Kwa majirani zao ulikuwa mwanzo wa wasiwasi. Mapigano ya Julai 2014 yaligusa Kasese, Bundibugyo na Ntoroko. Novemba 2016 majeshi yalivamia kasri la Omusinga mjini Kasese, na zaidi ya watu 100 waliuawa katika siku mbili. Mashtaka dhidi ya Mumbere yalifutwa mwaka 2023.

Bwera na lugha ya mpaka

Bwera iko takriban kilomita 50 kutoka mjini Kasese. Ina hospitali, masoko, na kituo cha mpaka cha Mpondwe, mojawapo ya njia kubwa za biashara isiyo rasmi kati ya Uganda na Kongo. Imelipa pia gharama ya kuwa mpakani: waasi wa ADF waliingia kupitia Mpondwe Novemba 1996, na Juni 2023 wanafunzi 37 waliuawa katika shule ya sekondari ya Lhubiriha. Pendekezo la kuifanya Bwera wilaya limetolewa zaidi ya mara moja. Wanaolitetea hutaja umbali na huduma. Wanaolipinga huona njama ya kuugawa Obusinga.

Hoja ya lugha haijapewa nafasi katika mjadala huo, na ndiyo inayoonesha hesabu kwa uwazi zaidi. Wilaya ya Bwera ingekuwa na wasemaji wa Kikonzo kwa kiwango kikubwa kuliko Kasese ya sasa. Kasese ingebaki na mji, Hima, Katwe na Mubuku, yaani sehemu zake zenye mchanganyiko mkubwa. Mtaala wa 2007, unaotaka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo, ungetekelezeka kwa urahisi Bwera na kwa shida zaidi upande wa pili, ambako shule nyingi za mchanganyiko hukimbilia Kiingereza. Kwa maneno mengine, mgawanyo wa 1974 ungerudiwa kwa kipimo kidogo.

Kuhusu Kiswahili, kuna dhana inayosikika mara kwa mara katika vikao vya sera tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022: kwamba Kiswahili kitawaunganisha watu wa pande mbili za mpaka. Kwa Mpondwe dhana hiyo ni nusu ya ukweli. Baluku na Paluku wameshaunganishwa na lugha yao. Wanaohitaji Kiswahili ni mfanyabiashara wa Kampala anayeuziana na mwenzake wa Butembo, dereva wa lori kutoka Kenya, askari, ofisa wa forodha na wa uhamiaji. Kiswahili huko huunganisha ofisi na mpaka zaidi kuliko mto na mto. Tena si Kiswahili kimoja: mzungumzaji wa Kivu ana lahaja yake, yenye maneno ya Kifaransa, na mwanafunzi wa Uganda anaanza kuletewa kile cha vitabu.

Katiba ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2005 iliweka Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima shuleni. Agizo hilo likifika Bwera kama mbadala wa Kikonzo, litasomwa kwa kumbukumbu za Kitooro na za askari wa miaka ya 1970 na 1990, na litapingwa. Likifika kama lugha ya pili ya forodha, ya mahakama na ya soko, huku Kikonzo kikiachwa katika madarasa ya mwanzo, halitakuwa na adui wa maana.

Kabla ya mstari wowote mpya kuchorwa, kuna kazi ambayo sensa haijaifanya. Sensa za 2002 na 2014 zilitoa hesabu ya watu kwa makabila, na kabila si lugha: Mkiga aliyezaliwa Kilembe aweza kuzungumza Kikonzo sokoni na Kiingereza kwa watoto wake. Inahitajika hesabu ya lugha za kaya katika kila gombolola ya Kasese, ikiwemo lugha anayoitumia mtu mbele ya hakimu na mbele ya muuguzi. Ianzie Katwe, Hima na Mpondwe, ambako tofauti kati ya kabila na lugha ni kubwa zaidi, na iulizwe na watu wanaojua kuandika Lhubiriha kwa namna zote mbili.