Fort Ternan: Ngome Isiyo na Kuta

Nilishuka kwenye matatu saa nne asubuhi, kamera shingoni, nikamwendea mama aliyekuwa akipanga ndizi mbivu juu ya gunia kando ya barabara. Baada ya salamu nikamuuliza ngome iko upande gani.

"Ngome gani?"

"Ya Fort Ternan, mama. Ile iliyoupa mji jina."

Akamgeukia mwenzake wa nyanya, wakasemezana kwa Kikipsigis, kisha akanijibu kwa upole, kama anayemwelekeza mtoto aliyepotea njia. "Hapa tuna soko, tuna stesheni, na kule kilimani kuna mifupa ya zamani. Ngome hatuna."

Mimi ni mtu wa Mombasa, na mtu wa Mombasa akisikia neno ngome, macho yake hutafuta ukuta. Tumekulia chini ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 juu ya jabali la matumbawe kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi ikaanguka mikononi mwao 1698, Waingereza wakaifanya jela, na leo ni makumbusho ambayo kila mgeni wa Pwani lazima ayapige picha. Ukuta upo, mizinga ipo, bahari ipo. Hata asiyejua historia huondoka na picha nzuri.

Kutoka kisiwa hicho reli ilianza kutandikwa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, ikapanda Mau na kuteremka hadi ziwani Desemba 1901. Mwanzoni mwa safari hiyo kuna Fort, na karibu na mwisho wake kuna Fort nyingine. Nilidhani ni ndugu. Ilinichukua siku nzima kuelewa kwamba hii ya bara ni ngome ya namna yake, na kwamba wanaopita hapa mbio kwenda kupiga picha za machweo ufukweni Dunga, Kisumu, wanapitwa na mambo makubwa.

Tuanze na jina. Trevor Ternan alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza aliyetumikia Uganda miaka ya 1890. Kabaka Mwanga alipoasi Julai 1897, Ternan ndiye aliyekuwa akikaimu nafasi ya kamishna, na ndiye aliyeongoza askari waliomshinda kabaka huko Buddu. Afisa wa Uganda ameingiaje kwenye ramani ya Kericho? Jibu ni kwamba wakati ule hapa palikuwa Uganda. Mpaka Aprili 1902, nchi hii yote ilikuwa sehemu ya jimbo la mashariki la himaya ya Uganda, ndipo ikahamishiwa upande wa Kenya kwa mkwaju wa kalamu. Kwa hiyo ile Reli ya Uganda, ambayo siku hizi watu hushangaa kwa nini iliitwa hivyo na hali iliishia Kisumu, ilipofika Fort Ternan ilikuwa kweli imo ndani ya Uganda.

Waingereza wa siku zile hawakuona taabu kukiita kituo "fort". Handaki, boma la miti, bendera na bunduki chache zilitosha. Fort Smith ilikuwa Kabete, Fort Hall ikawa mji wa Murang'a, Fort Portal ingalipo Uganda. Huku kwetu majina mengi ya reli yamebadilika: Port Florence, iliyoitwa kwa jina la mke wa mhandisi wa reli, imerudi kuwa Kisumu, na Lumbwa, jina ambalo wageni waliwabandika Wakipsigis, sasa ni Kipkelion. Fort Ternan imebaki na jina la mtu wake zaidi ya miaka 120, ingawa wengi wanaolitaja kila siku kwenye matatu hawana habari alikuwa nani.

Nilitembea hadi kwenye njia ya reli. Ukiinama karibu nayo utaona kazi ilivyokuwa: chuma cha reli kimeng'aa juu tu, pembeni kimeshika kutu rangi ya udongo wa hapa, na majani yameota katikati ya mataruma hadi huwezi kujua wapi reli inakoma na wapi shamba linaanza. Kokoto zimezama. Nilikaa pale kwa muda nikiitazama ile kona inayopotea kwenye miti upande wa Kipkelion, nikawaza juu ya waliopita na nyundo. Karibu wafanyakazi 32,000 waliletwa kutoka India kwa kazi ya reli nzima, na wapatao 2,500 kati yao hawakurudi kwao.

Kipande hiki cha Mau ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote baada ya Bonde la Ufa. Kilele cha Mau kiko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko mita 1,130 hivi. Treni ilipaswa kushuka tofauti hiyo yote kwa mwendo wa chini ya kilomita 200, katika nchi iliyokatwakatwa na makorongo. Madaraja marefu ya chuma yalihitajika, 27 kwa jumla, na mkataba wake ukaenda kwa kampuni ya Marekani, American Bridge Company, jambo lililowaudhi wenye viwanda vya Uingereza. Vyuma vilichongwa ng'ambo ya Atlantiki, vikavuka bahari mbili, vikapandishwa kutoka Mombasa kwa reli ileile vilivyokuja kuikamilisha, vikaunganishwa juu ya mito ya Wakipsigis. Ukipata bahati ya kupita kwa treni, simama dirishani mapema. Treni ya abiria kati ya Nairobi na Kisumu ilirudi mwishoni mwa 2021 baada ya njia kukarabatiwa, na mimi sijui njia nyingine ya kuiona Mau inavyojikunjua kama hiyo.

Lakini reli haikupita katika nchi tupu. Upande wa kaskazini, kwenye ule ukuta wa milima unaouona ukitazama kutoka sokoni, walikuwa Wanandi chini ya Orkoiyot, yaani kiongozi wao wa kiroho, Koitalel arap Samoei. Walipigana na Waingereza kwa miaka kumi. Nyaya za simu walizifanya mapambo, vyuma vya reli walivifua silaha. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, akapigwa risasi na afisa Richard Meinertzhagen. Baada ya hapo koo za Kamelilo na Kapchepkendi, zilizokaa karibu na reli, ziliondolewa kwa nguvu na kusukumwa kaskazini ili treni ipite salama. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuuona ukuta wa Fort Ternan.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa karatasi. Mwaka 1905 kamati ya ardhi iliyoongozwa na Lord Delamere, mlowezi mkubwa kuliko wote, ilipendekeza nyanda za juu zitengwe kwa ajili ya Wazungu. Ili watu wajue nyanda hizo zinaanzia na kuishia wapi, zilitajwa stesheni mbili za reli: Kiu upande wa Ukambani, na Fort Ternan upande wa ziwa. Mwaka 1908 waziri wa makoloni, Lord Elgin, akaukubali mpango huo, akaandika kwamba Wahindi wasigawiwe ardhi katika eneo hilo. Hapo ndipo Nyanda za Juu za Wazungu zilipopata mipaka yake ya kwanza. Kuanzia stesheni hii kwenda mashariki, mkulima Mhindi hakuruhusiwa. Kuanzia hapa kuteremka kwenda Muhoroni na Kibos, ambako joto na malaria viliwatisha Wazungu, aliruhusiwa. Mtu aliyepasua miamba ya Mau kwa mikono yake akaambiwa aifurahie Mau akiwa ndani ya behewa. Na Mkipsigis, mwenye nchi, hakutajwa kabisa katika mabishano hayo. Yeye alitengewa eneo lake na wengine, na wengi wakawa vibarua na maskwota kwenye malisho ya baba zao.

Fort Jesus ilichukuliwa na wenye jahazi na ngazi. Huu ukuta wa kati ya Kiu na Fort Ternan, uliotiwa nguvu zaidi kwa amri ya 1939, ulisimama hadi miaka ya mwisho ya ukoloni, na gharama ya kuuangusha Wakenya wanaijua. Ndiyo maana nasema hii nayo ilikuwa ngome, na kwa watu waliokuwa nje yake ilikuwa imara kuliko ile ya matumbawe.

Twende sasa kwenye mifupa.

Bodaboda alinipeleka nje ya mji, tukapita mahindi, migomba na vishamba vya kahawa. Chai yenyewe iko juu zaidi, Kericho na Bomet. Fort Ternan iko mahali ambapo ubaridi wa chai unakutana na joto la miwa, na ukisimama mahali pazuri unahisi pepo zote mbili usoni. Kaskazini-mashariki kuna Tinderet. Mtu asiyeambiwa ataona mlima wa kawaida wenye misitu. Ni volkano iliyozimika, na bila majivu yake tusingekuwa na hadithi hii.

Mwaka 1959 mlowezi mmoja aliyeitwa Fred Wicker, aliyekuwa na shamba hapa, alianza kuokota mifupa iliyogeuka jiwe. Habari zikamfikia mtafiti wa mifupa ya kale, Louis Leakey, na mwaka 1961 kazi ya kuchimba ikaanza. Mkono wa kazi ulikuwa Heslon Mukiri, msaidizi wa Leakey wa miaka mingi, mwenye jicho ambalo wenzake walilistahi, na ni yeye aliyepata vipande vya taya vilivyoleta umaarufu. Mwaka 1962 Leakey alimtangaza kiumbe mpya, akampa jina Kenyapithecus wickeri. Nchi ilikuwa bado haina bendera yake, na tayari jina lake lilikuwa limepewa nyani wa miaka milioni 14.

Wicker alipata nafasi ndani ya jina hilo kwa sababu shamba lilikuwa lake. Mukiri alisubiri kidogo: mwaka 1968 faru wa kale aliyepatikana hapahapa aliitwa Paradiceros mukirii. Na swala mmoja wa hapa baadaye akapewa jina Kipsigicerus, yaani pembe ya Wakipsigis. Ninapoyasoma majina hayo matatu huona historia nzima ya nchi hii: mwenye hati, mwenye kazi, na mwenyeji, kila mmoja akifika kwenye orodha kwa zamu.

Leakey aliamini Kenyapithecus yuko kwenye mstari wa binadamu. Alikwenda mbali zaidi, akadai kwamba jiwe moja la lava lililokutwa kati ya mifupa iliyovunjika lilitumiwa na kiumbe huyo kupasulia mifupa apate uboho. Wanasayansi wengi hawakukubali, na leo Kenyapithecus huhesabiwa kuwa nyani mkubwa wa zama za kabla ya binadamu na sokwe kutengana. Ndugu yake wa karibu amepatikana mbali sana, Uturuki. Mimi simlaumu Leakey. Aliinua macho ya dunia kwenye kilima hiki, na mabishano aliyoyaanzisha yamezaa maarifa.

Kitu kilichonigusa zaidi ni nyasi. Majivu ya Tinderet yalikuwa na chumvichumvi ya aina ambayo ilifunika kila kitu haraka na kukigandisha, hata majani membamba ya nyasi yakahifadhika yakiwa yamesimama. Nyasi za kale kiasi hicho ni adimu mno Afrika. Wataalamu wamegombana kwa miaka mingi: je, hapa palikuwa mbuga, au msitu mwepesi wenye nyasi chini yake? Swala walikuwepo kwa wingi, na jamaa wa twiga pia. Kenyapithecus aliishi katikati ya viumbe hao, juu ya udongo kama huu, volkano ikifuka moshi upande uleule ambako mchana ule niliona wingu la mvua likikusanyika.

Mifupa yenyewe iko Nairobi, kwenye makumbusho ya taifa, ikiwa na alama za FT, yaani Fort Ternan. Huku kilimani utakuta mteremko, mashimo ya zamani yaliyolainika, na upepo. Nilijaribu picha za kila namna. Jua la mchana huliua jiwe, linaonekana bapa na la kijivu. Lakini baada ya saa kumi, mwanga unapoingia kutoka upande wa Bonde la Nyando na kulala juu ya mteremko, kila tabaka la majivu linatoa kivuli chake, na unaona kabisa jinsi volkano ilivyotapika, ikapumzika, ikatapika tena. Piga hapo. Kisha geuka nyuma upige bonde: miwa chini, Nandi kulia, na reli ikipita kama uzi ulioshonwa na fundi mwenye haraka.

Nilirudi sokoni giza likikaribia. Yule mama alikuwa anafunga gunia lake, amebakiwa na vichana viwili vya ndizi, nikavinunua vyote. Akaniuliza kama niliipata ngome. Badala ya kueleza nikamwonyesha picha kwenye kioo cha kamera: ule mteremko, jua la jioni, nyasi fupi. Akaisogeza karibu na macho, akaitambua.

"Hapa nilikuwa nalisha ng'ombe wa babangu," akasema, "nikiwa msichana. Nyasi za hapa ni nzuri sana."

Akanirudishia kamera, akajitwika gunia lililobaki tupu, akashika njia ya stesheni.