Kizimkazi Dimbani: Jiwe Lenye Tarehe na Lahaja Isiyo na Mlinzi

Kizimkazi Dimbani ni kijiji cha wavuvi kusini mwa kisiwa cha Unguja. Katika ukuta wa kibla wa msikiti wake mkongwe mna maandishi ya Kiarabu kwa hati ya Kufi, yaliyochongwa katika matumbawe na kutiwa tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Jengo lilijengwa upya katika karne ya 18, ila maandishi hayo yalihifadhiwa, nayo ni miongoni mwa ya kale kabisa yenye tarehe katika Afrika Mashariki.

Hata hivyo, jiwe hilo linathibitisha ibada. Halithibitishi lugha iliyozungumzwa nje ya msikiti. Ushahidi wa lugha umo vinywani mwa watu wa kusini, wasemao Kikae, yaani Kimakunduchi. Kiunguja cha mjini kilipoteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, lahaja hii ya kisiwa hichohicho iliachwa kando. Haji Chum alichapisha msamiati wake wa pekee mwaka 1994.

Hapa ndipo sera inapohusika. Jiwe hutunzwa kama urithi, na wageni huja kulitazama. Kikae hutegemea wasemaji wake, ilhali watoto wao husomeshwa kwa Kiswahili Sanifu. Matumbawe yamevumilia zaidi ya karne 9. Lahaja haina uvumilivu huo: kizazi kimoja kikinyamaza, hakuna ukuta wa kuisoma. Kwa hiyo, uhifadhi wa majengo ya kale na urekodi wa lahaja za wenyeji wake yafaa viwe kazi moja.