Maziwa ya Juu ya Mlima Kenya
Mzunguko huu wa matembezi ya miguu unapita chini ya vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188). Maziwa madogo ya njiani, yakiwemo Simba na Hausburg, yamo katika mashimo yaliyochongwa na barafu ya kale, ambayo leo imebaki kidogo mno. Mahali pengi hakuna njia iliyo wazi: ni changarawe inayoporomoka, na ukungu hushuka ghafla.

Asubuhi, chungulia katikati ya mmea wa lobelia. Maji yaliyotuama kati ya majani yake huwa yameganda juu, na utando huo wa barafu hukinga chipukizi lisife kwa baridi. Ajabu kubwa! Tafadhali usiuvunje.

Ukianza kuumwa kichwa na kutapika kwa sababu ya kimo, usisubiri kesho: shuka mara moja.