Betri na chaja: tulikotoka hadi kwenye chipu iliyomo ndani ya taa yako ya sola

Leo tuache kidogo chanjo na mbolea. Katani kwangu wafugaji wawili walishauriwa waruke saketi ya chaji kwenye taa zao, waunge paneli moja kwa moja na betri. Betri zote mbili zimevimba, na mmoja wao alikuwa na vifaranga bandani.

Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na asidi, ya kwanza kuweza kuchajiwa tena. Kwa miaka mingi baada ya hapo msimamizi wa chaji alikuwa mtu. Alipima volti, akitazama mapovu, akiona yamezidi anachomoa. Betri ile ilikuwa mvumilivu. Ukiizidishia chaji inapoteza maji, unaiongezea maji ya betri, maisha yanaendelea. Ndiyo maana mzee aliyesikiliza redio kwa betri ya gari hakuona haja ya kontrola.

Mwaka 1991 Sony ilianza kuuza betri za lithiamu-ioni, na hizi hazisamehe. Seli ya kawaida ya aina hii hujaa ikifika volti 4.2. Ukiipitisha hapo inaharibika, inaweza hata kuwaka moto. Ikiisha kupita kiasi nayo inaumia. Hapo kazi ya yule mtazama mapovu ikachukuliwa na chipu: hupeleka mkondo wa kiwango kimoja, na volti ikifika 4.2 huishikilia hapo huku mkondo ukipungua mpaka betri ijae.

Ikabaki shida moja, na mimi ndiyo inayonivutia zaidi. Kifaa na betri vilikuwa vinakula sahani moja. Betri ikiisha kabisa, hata ukichomeka chaja kifaa hakiwaki, kwa sababu volti yake ndiyo ile ile ya betri. Tena taa ikiwa inawaka wakati wa kuchaji, chaja huona mkondo bado unapita na kudhani betri haijashiba, kumbe mlaji ni taa.

Waunda chipu wakaweka mlango kati ya betri na kifaa. Kifaa hulishwa kwanza, na volti yake hairuhusiwi kushuka chini ya kiwango fulani, mara nyingi karibu 3.5, hata kama betri ni tupu. Kinachobaki ndicho huenda kwenye betri. Kifaa kikitaka zaidi ya kinachoingia, mlango hufunguka na betri huchangia. Chipu yenyewe hujilisha kutoka kwenye chaja, na chaja isipokuwepo hunyonya kidogo sana kwenye betri. Wingu likipita, volti ya paneli ikaanza kushuka, inapunguza ulaji ili paneli isizidiwe.

Si kila taa ya bei ndogo ina mlango huo. Jaribu hivi: betri ikiwa imeisha, chomeka chaja kisha washa. Ikiwaka papo hapo, huenda unao. Ikikusubirisha, ichaji ikiwa imezimwa. Na saketi ikifa, mwambie fundi aweke nyingine inayolingana na betri yako, asiunge waya juu yake.