Mshika Mahali pa Mwingine: Maneno ya Unaibu katika Kiingereza na Kiswahili

Lugha ya Kiingereza ina akiba kubwa ya maneno rasmi yamtajayo mtu ashikaye mahali pa mwingine: "deputy", "vice", "lieutenant", "proxy", "acting", "locum tenens". Aghalabu wafasiri huyachukua kama ndugu wa tumbo moja, wakayajibu kwa naibu, makamu, kaimu au wakili kwa kadiri mkono ulivyozoea. Historia yaonyesha kwamba hayakuzaliwa pamoja, na kwamba kuyachanganya kwaweza kugusa madaraka ya nchi.

Mengi ya maneno hayo si Kiingereza cha asili. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mambo ya enzi na mahakama yaliendeshwa kwa Kifaransa na Kilatini. Sheria ya mwaka 1362 iliamuru mashauri yasemwe kwa Kiingereza, lakini kumbukumbu zake ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini. Kiingereza hakikushika maandishi ya mahakama mpaka mwaka 1733. Kufikia hapo istilahi za uwakilishi zilikuwa zimekwisha kuota mizizi. "Lieutenant" ni Kifaransa, maana yake mshika mahali. "Locum tenens", litumiwalo kwa mganga au kasisi wa muda, ni maana ile ile kwa Kilatini. "Vice" latokana na neno la Kilatini lenye maana ya zamu au badiliko, na "proxy" ni ufupisho wa neno la kusimamia shughuli za mtu. Kiingereza chenyewe kilitoa "stead", yaani mahali, na "behalf", ambalo asili yake ni upande: atendaye kwa ajili ya mwingine husimama ubavuni pake.

Kiswahili kilipita njia iliyofanana na hiyo, ila mlango wake ulikuwa Kiarabu. Kaimu ni asimamaye. Makamu ni mahali pa kusimama. Kiarabu huyaunga maneno hayo mawili, na dola ya Waosmani iliutumia muungano huo kuwa cheo cha mtawala wa wilaya. Naibu na niaba yana shina moja, ambalo katika Kiarabu huzaa pia neno la zamu. Basi kwa asili makamu yu karibu na "lieutenant", na naibu yu karibu na "vice". Lakini serikali hazikufuata asili: "vice" wa Rais ameitwa Makamu, na "deputy" ameitwa Naibu.

Kenya yatoa mfano ulio wazi. Cheo cha Makamu wa Rais kilianza mwaka 1964. Mzee Jomo Kenyatta alipofariki Agosti 1978, Makamu wake, Daniel arap Moi, hakuwa Rais kamili papo hapo. Katiba ya wakati ule ilimpa ukaimu usiozidi siku 90, naye akaapishwa kuwa Rais kamili mwezi Oktoba. Katiba ya mwaka 2010 iliweka Naibu Rais, achaguliwaye pamoja na Rais, ambaye kiti kikiwa wazi hukishika kwa muda wote uliosalia. Tanzania, kwa upande wake, hilo ni haki ya Makamu: tarehe 19 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais, wala si kaimu, kufuatia kifo cha John Magufuli. Kwa hiyo Makamu wa Tanzania mwaka 2021 alikuwa na haki ambayo Makamu wa Kenya mwaka 1978 hakuwa nayo, ilhali neno ni lile lile.

Yafuata kwamba mfasiri hawezi kutegemea kamusi peke yake, wala asili ya neno. Naibu ana cheo chake hata mkubwa wake akiwapo; kaimu hushika madaraka ya kiti kwa muda, mpaka mwenyewe arudi au mwingine ateuliwe; wakili hana zaidi ya alichokabidhiwa. Naye atiaye saini chini ya herufi "k.n.y." huandika kwa niaba ya mwenye cheo, na barua hubaki kuwa ya mwenye cheo. Neno likikosewa hapo, msomaji hatajua ni nani aliyeamua, wala ni nani wa kuulizwa.